Gemu Inayojicheza Yenyewe Haina Haja Nawe

Chukua simu yako sasa hivi, ingia kwenye duka la programu, ushushe gemu yoyote ya kuvaa uhusika mtandaoni. Nazungumzia zile ambazo unachagua kuwa shujaa wa upanga, mchawi au mpiga mishale, kisha unaingizwa kwenye dunia moja na maelfu ya watu wengine. Itakumezea gigabaiti kadhaa za bando, halafu itafunguka na muziki wa kishindo na picha kali ajabu. Hapo sina neno. Zinapendeza.

Sasa hesabu dakika kumi. Mshale unakuonyesha pa kwenda. Ukiugusa, mhusika wako anakimbia mwenyewe. Anafika, anaanza kupigana mwenyewe. Jitu linaanguka, zawadi zinamwagika, na kiwango chako kinapanda kutoka 1 hadi 15 kabla chai yako haijapoa. Mzee wa kijiji anakusimulia habari ndefu ya mwanawe aliyetekwa, nawe unabonyeza kitufe cha kuruka maneno. Unajua fika kwamba mtoto huyo atatekwa tena kwa kila mchezaji atakayekuja baada yako. Umemwokoa mtu ambaye haokoleki.

Kuna jamaa mtaani kwetu ambaye usiku huweka simu kwenye chaji na kuiacha gemu ijicheze hadi asubuhi. Akiamka anakagua alichovuna, anatabasamu, anaenda kuoga. Nilimuuliza yeye mwenyewe hucheza saa ngapi. Akacheka: "Buda, si hiyo ndiyo kucheza?"

Mimi nadhani siyo. Na siko peke yangu. Kaa na wachezaji wowote wa gemu hizi, malalamiko ni yale yale: zimekuwa nyepesi, hazina kina, unamaliza wiki mbili na huoni sababu ya kurudi. Kila mtu anataka zaidi. Lakini waulize hiyo "zaidi" ni nini, utasikia ramani kubwa zaidi, silaha nyingi zaidi, viwango 200 badala ya 100. Hapo ndipo tunajipoteza, kwa sababu hivyo vyote kampuni ziko tayari kutuuzia hata leo.

Wingi wa vitu si kina

Umewahi kuketi kando ya wazee wakicheza bao, kule Lamu au Mombasa? Mashimo ni 32, kete ni 64, basi. Hakuna ramani, hakuna muziki. Lakini mtu anaweza kulicheza miaka 40 na bado afungwe kwa mbinu ambayo hakuiona ikija. Kila kete unayosogeza inabadilisha hesabu ya mwenzako, na ukishaitoa mkononi huwezi kuirudisha.

Linganisha na gemu yenye panga 3,000 ambayo inakuwekea alama ya kijani kwenye lile bora kuliko ulilonalo. Hapo unachagua nini? Umeshachaguliwa. Kazi yako ni kugusa alama ya kijani. Hiyo gemu ina vitu tele, ina menyu juu ya menyu, ina aina saba za sarafu, lakini hakuna mahali inapokuhitaji ufikiri. Huo ni utata mtupu. Unachosha akili bila kuitumia.

Kwangu mimi, kina kina alama tatu. Kwanza, uamuzi wako unakugharimu kitu; ukichagua hiki umeacha kile. Pili, ulilofanya linamfikia mtu mwingine, awe amelipenda au la. Tatu, kuna mambo huwezi kuyafanya peke yako hata uwe na chapaa kiasi gani. Gemu ikikosa yote matatu, ni katuni unayoigusa.

Na si ndoto. Gemu za namna hii zimekuwepo tangu wazazi wetu wakiwa shule.

Dunia zilizokuwa na uzito

Mwaka wa 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex kule Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kuandika gemu iliyoitwa MUD, na mwenzake Richard Bartle akaiendeleza. Haikuwa na picha hata moja. Ilikuwa maandishi matupu: unasoma uko wapi, unaandika unachotaka kufanya. Lakini watu kadhaa waliweza kuwa ndani yake kwa wakati mmoja, na hapo ndipo ukoo mzima wa gemu hizi ulipoanzia. Bartle baadaye, mwaka wa 1996, aliandika kwamba wachezaji huja na njaa tofauti: kuna wanaotafuta mafanikio, kuna wanaotaka kuvumbua dunia, kuna waliokuja kwa ajili ya watu, na kuna waliokuja kuwasumbua watu. Sasa fikiria gemu ya simu inayojicheza. Inalisha njaa ya kwanza pekee, tena kwa chakula cha kopo.

Mwaka wa 1997 ikaja Ultima Online kutoka Texas. Waundaji wake walijaribu jambo la ajabu: dunia yenye uhai wake. Sungura wangekula nyasi, mbwa mwitu wangekula sungura, na wanyama wakipungua, ikolojia nzima ingeyumba. Wachezaji walipofunguliwa mlango waliua kila kilichokuwa na miguu, kasi kuliko kinavyoweza kuzaana, na mfumo wenyewe ukaondolewa. Walioutengeneza walivunjika moyo, na unaweza kuwaelewa. Lakini angalia kilichotokea hapo: watu waliharibu mazingira kwa sababu hakuna aliyekuwa na sababu ya kuyalinda. Hakuna aliyeliandika hilo kama hadithi. Lilitokea tu, kama linavyotokea kwenye misitu ya kweli.

Kisha mwaka wa 2003 ikaja Star Wars Galaxies. Hii ndiyo ningekuomba uikumbuke zaidi. Ilikuwa na taaluma zaidi ya 30, na nyingi hazikuhusu kupigana hata kidogo. Ungeweza kuwa fundi wa silaha, daktari, mshonaji, hata mcheza densi. Na mcheza densi hakuwa pambo. Mpiganaji akitoka vitani alikuwa na uchovu ambao haukutoka kwa dawa. Ilibidi aende kwenye ukumbi wa burudani, aketi, atazame watu wakicheza na kupiga muziki hadi uchovu umwondoke. Akiwa pale anapiga stori na wengine, anamtunuku mcheza densi, anaulizia fundi mzuri wa bunduki. Mtu ambaye hajawahi kushika silaha alikuwa na jina mjini. Watu walimhitaji.

Hilo neno nitalirudia: walimhitaji.

Pale jambo dogo linapogeuka kubwa

Kuna visa viwili ambavyo kila mtu anayezungumzia kina kwenye gemu lazima avijue.

Cha kwanza ni cha Septemba 2005, ndani ya World of Warcraft. Adui mmoja mkubwa, Hakkar, alikuwa anawarushia wachezaji ugonjwa wa damu ulioambukiza waliosimama karibu. Ulipaswa kuishia humo pangoni. Lakini wachezaji waligundua kwamba wanyama wao wa kufuga wanaweza kuubeba hadi nje. Ukafika mijini. Wahusika wa viwango vya chini wakaanza kufa kwa mkupuo, barabara zikajaa mifupa. Wengine walijitolea kutibu wagonjwa, wengine walikimbilia porini, na wengine, kwa roho mbaya tu, walijiambukiza makusudi wakaenda kueneza. Kampuni ililazimika kuwasha upya seva zake. Miaka miwili baadaye watafiti wa magonjwa walikichambua kisa hicho kwenye majarida ya kisayansi, kwa sababu kilionyesha jinsi watu wanavyoweza kutenda tauni ikiingia. Sisi tulioishi 2020 hatuhitaji kuelezewa.

Cha pili ni EVE Online, gemu ya vyombo vya anga iliyotengenezwa Iceland mwaka wa 2003. Karibu kila chombo unachokiona humo kimeundwa na mchezaji, kutokana na madini yaliyochimbwa na mchezaji, yakasafirishwa na mchezaji mwingine aliyehofia kuporwa njiani. Chombo kikilipuliwa, kimekwenda. Januari 2014, muungano mmoja wa wachezaji ulikosa kulipa ada ya umiliki wa eneo la anga liitwalo B-R5RB. Ada tu, kama vile wewe kusahau kulipa kodi ya nyumba. Maadui wakaingia. Vita vikaendelea kwa takriban saa 21, zaidi ya wachezaji 7,000 wakashiriki, na meli 75 za aina ya Titan, ambazo ndizo kubwa kuliko zote, zikateketea. Hasara ilikadiriwa kuwa zaidi ya dola 300,000 za Marekani kama ungezigeuza pesa halisi.

Gemu hiyo ina uchumi mzito kiasi kwamba kampuni yake iliajiri mwanauchumi mwaka wa 2007, Eyjólfur Guðmundsson, afuatilie bei na mfumko. Mimi chuo niliacha kabla ya kukimaliza, na nakuambia ukweli: kwa nini vita vya mbali vinapandisha bei ya kitu unachonunua hapa, nilikielewa vizuri zaidi nikisoma habari za EVE kuliko kwenye noti zozote nilizonakili ubaoni.

Basi kina kilienda wapi?

Hakikuibwa. Kiliondolewa kipande kwa kipande, na mara nyingi kwa nia njema.

World of Warcraft ilikuwa na shida moja ya kweli: kupata watu watano wa kuingia nao pangoni kulichukua muda mrefu. Unazunguka mjini unatangaza, unabembeleza, unangoja. Desemba 2009 kampuni ikaleta kitufe kinachokutafutia wenzako na kukusafirisha hadi mlangoni. Raha, si ndiyo? Ila wenzako hao wanatoka seva nyingine, hutawaona tena, na hakuna anayesalimia. Zamani ukiwa mwizi wa zawadi au mtu wa matusi, jina lako lilijulikana seva nzima na hakuna aliyekubeba. Baada ya kitufe, jina likakosa thamani. Waliondoa usumbufu, na ujirani ukaondoka nao.

Star Wars Galaxies ndiyo ilichinjwa kabisa. Novemba 2005 waendeshaji wake waliamua kuirahisisha ili wapate wateja wengi zaidi. Taaluma zaidi ya 30 zikawa tisa. Mafundi na wachezaji waliojijengea majina kwa miaka miwili waliamka wakakuta ufundi wao haupo. Wengi walihama. Wateja wapya waliotarajiwa hawakuja kwa wingi uliotarajiwa, na Desemba 2011 gemu ikafungwa.

Halafu pesa zikabadilisha mchezo. Ulipokuwa unalipa ada kila mwezi, kampuni ilitaka ukae. Gemu ikishakuwa bure, inakula kwa njia nyingine: inakuuzia kuruka foleni. Inakuwekea kazi ya kuchosha makusudi, halafu inakuuzia dawa ya uchovu huo. Kitufe cha kujiendesha hakikuletwa kwa kukuhurumia. Gemu yenyewe inajua kwamba kilichomo hakifai kuchezwa na mtu mwenye akili timamu.

Lakini tusijidanganye

Upande wa pili una hoja, na ni haki tuisikie. Kina kina bei, na si kila mtu ana uwezo wa kuilipa. Kama muda wako wa kucheza ni ndani ya matatu kutoka Rongai hadi tauni, hutaki gemu inayokudai saa nne za mkutano wa mikakati. EVE hutaniwa kwamba ni jedwali la hesabu lililopakwa rangi ya nyota, na utani huo una ukweli. Wapo waliotapeliwa humo akiba ya miaka na mtu waliyemwamini, na sheria za gemu zinaruhusu. Dunia ambamo matendo yana uzito ni dunia ambamo unaweza kuumizwa.

Pia kuna ugonjwa wa kudhani kwamba cha kale ndicho chenye kina. Mashabiki wa World of Warcraft waliililia gemu yao ya 2004 kwa miaka. Mwaka wa 2013 shabiki mmoja aliuliza hadharani kama seva za zamani zitarudishwa, na mkuu mmoja wa Blizzard akamjibu kwamba wanafikiri wanazitaka, lakini hawazitaki. Jibu hilo liliwachoma. Mwaka wa 2016 seva moja ya mashabiki ilipofungwa, zaidi ya watu 200,000 walitia sahihi ombi la kudai gemu ya zamani. Agosti 2019 wakapewa. Na kulitokea nini? Ragnaros, jitu ambalo mara ya kwanza liliwachukua wachezaji miezi kuliangusha, lilianguka kabla wiki moja haijaisha. Kila siri ilikuwa imeshaandikwa mtandaoni. Dunia ilikuwa ile ile, lakini hakuna aliyekuwa amepotea ndani yake.

Kwa hivyo kurudi nyuma pekee hakutoshi. Siri ikishajulikana imekwisha. Kinachobaki hai ni watu, kwa sababu mtu hakariririki kama ramani.

Wanaolielewa hilo wapo. RuneScape, gemu iliyoanzishwa mwaka wa 2001 na ndugu wawili Waingereza, Andrew na Paul Gower, ilibadilishwa sana hadi wengi wakaikimbia. Mwaka wa 2013 kampuni iliwauliza wachezaji kwa kura kama warudishiwe toleo la 2007. Wakasema ndiyo. Lakini hawakuishia hapo: toleo hilo likaendelea kukua, na mambo mapya makubwa yanapelekwa kwa wachezaji wapigie kura. Kwa miaka mingi pendekezo lilihitaji asilimia 75 ili lipite. Fikiria hilo. Wachezaji wengi waliwahi kukataa vitu vya kuwarahisishia maisha, kwa sababu waliona vingewaharibia dunia yao.

Sasa wewe na simu yako

Utasema, sawa, lakini mimi sina kompyuta ya laki moja na nusu, na seva zenyewe ziko Ulaya. Najua. Ndiyo maana gemu kwetu ni kibanda cha PlayStation mtaani au Free Fire kwenye simu. Lakini mlango umefunguka kidogo. RuneScape hiyo ya kizamani iko kwenye simu tangu 2018, na picha zake ni duni kiasi kwamba hazitaichosha simu yako. Albion Online, iliyotengenezwa Berlin, iko kwenye simu tangu 2021 na kuingia ni bure. Humo karibu kila upanga umetengenezwa na mtu, na ukiingia maeneo ya hatari ukauawa, unapoteza ulichovaa. Noma, lakini ndiyo raha yenyewe: ghafla unafikiri kabla ya kutoka nyumbani. Si kwamba nazo hazikuuzii kitu. Zinakuuzia. Ila zinakutaka uwepo.

Sikuambii ucheze hizo. Nakuambia hivi: saa zako ni zako, na kampuni zinajua thamani yake kuliko wewe. Umri huu wetu ndio watu wengi wanazurura na vyeti, ama bila vyeti, wakingoja mtu mmoja aseme "njoo, tunakuhitaji". Ni rahisi sana gemu kukupa heshima ya bandia hapo: kiwango cha 150, taji la dhahabu, fataki kila ukifungua. Inakusifu kama inavyowasifu wengine milioni moja, tena wakiwa wamelala.

Kwa hivyo kabla hujachoma bando lingine, jiulize maswali mawili. La kwanza: nikifanya uamuzi wa kijinga humu leo, kesho nitausikia? Kama jibu ni hapana, basi hata uamuzi wa busara hauna maana humo.

La pili ndilo zito. Ukizima simu mwezi mzima, kuna mtu atauliza ulipo? Si arifa ya kampuni inayokuambia zawadi zako zinakungoja. Mtu. Fundi uliyekuwa ukimletea madini, kikosi kilichokuwa kikikutegemea ulinde mlango, hata adui aliyezoea kukuvizia. Kama yupo, uko kwenye dunia. Kama hayupo, iache gemu ijicheze, wewe ulale.